Mwanao Mbona Haendi na Basi?

Mtaa mzima ulimwita Mama Miwani, na wengi walimwogopa kidogo. Si kwamba alikuwa na sauti kali. Alikuwa na ule upole wa watu wasiobadilisha neno, na upole wa namna hiyo ukikutana nao huna pa kushika. Duka lake lilikuwa na chumba cha mbele kilichojaa fremu ukutani, na nyuma ya pazia la bluu kulikuwa na chumba cha kupimia macho. Chumba hicho kilikuwa kifupi mno, kwa hiyo ubao wa herufi ulitundikwa nyuma ya kichwa cha mgonjwa, naye mgonjwa akausoma kwenye kioo kikubwa kilichokuwa mbele yake. Herufi zenyewe zilichapwa kinyume makusudi ili kioo kizinyooshe. Wageni walicheka, kisha wakaketi.

Madereva wa abiria, wa malori na wa shule walitakiwa kupimwa macho kila mwaka, na sehemu za kupimwa zilikuwa mbili tu: hospitalini na kwa Mama Miwani. Wenye macho mazuri walikwenda popote. Wenye wasiwasi walikwenda hospitalini. Wale wachache waliojaribu bahati yao dukani walikuja na kuku, na soda, na salamu kutoka kwa watu ambao Mama Miwani hakuwajua. Vyote alivirudisha pale pale mlangoni, na soda aliirudisha ikiwa bado baridi. Mmoja alijiita shemeji yake. Alimwambia barabarani hakuna shemeji, akamwonyesha pazia.

Aliyepita pazia hilo bila hodi alikuwa mmoja tu, kaka yake. Huyu alikuwa dereva wa basi la shule, na kwa jinsi alivyoendesha, watu walimbandika jina la Taratibu. Waendesha baiskeli walimpita. Mbwa walimpita. Watoto wote walimwita Mjomba, ingawa mwenye haki ya kumwita hivyo alikuwa mmoja, binti wa Mama Miwani, aliyekalia kiti cha nyuma ya dereva na hakuruhusu mtu mwingine akikalie.

Mama yao alipofariki, Taratibu alikuwa kijana wa shule na dada yake alikuwa hajaota meno ya ukubwani. Kaka aliacha shule, akashika usukani, akamlea. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alimsuka nywele, na zile njia za kichwani zilikwenda kombo mpaka walimu wakauliza ni nani anayemsuka huyu mtoto. Hakuacha kumsuka. Mama Miwani alisoma mpaka akawa mpima macho kwa mgongo wa mtu huyu, na hilo hakulisahau hata siku moja.

Sasa, Taratibu hakuwa mgeni katika chumba kile. Ubao wa kwanza aliutundika yeye mwenyewe, kwa nyundo ya kuazima, siku duka lilipofunguliwa. Miaka yote iliyofuata, mchana akiwa hana watoto wa kubeba, alikuja kuketi kwenye kiti cha mgonjwa, akanywa chai yake na kusinzia. Ubao ulizeeka mbele ya macho yake, ukageuka manjano. Wiki ile ile ya kipimo chake, muuza lenzi alileta ubao mpya, mweupe, wenye herufi nyingine kabisa, na Mama Miwani akautundika pale pale pa zamani. Hakumwambia kaka yake. Ya nini amwambie? Ubao ni ubao.

Taratibu aliketi, akafunika jicho la kushoto kwa kiganja, akatazama kioo, akaanza. Alisoma mstari wa kwanza bila kusita, akashuka wa pili na wa tatu, mpaka ule wa chini kabisa ambao hata vijana huukunjia uso. Alisoma kwa mahadhi, kama mtoto anayesema shairi mbele ya wageni. Hakukosea herufi hata moja. Shida ni kwamba ubao aliokuwa akiusoma ulikuwa stoo, umelazwa chini ya maboksi.

"Jicho la pili," alisema Mama Miwani, kwa sababu ulimi wake ulizoea kusema hivyo.

Kaka akafunika la kulia, akasoma tena yale yale.

Mama Miwani akachukua tochi yake ndogo, akainama, akamwangalia ndani. Alikaa humo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nyuma ya macho yote mawili, katikati kabisa, mahali ambapo mtu hupatumia kutambua sura ya mwenzake, aliona kovu. Miwani haina dawa ya kovu lile. Aliyenalo huona kingo za barabara lakini haoni kilichosimama katikati yake.

"Vipi, mtaalamu?" aliuliza kaka. Alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono yote miwili.

Mama Miwani alifungua mdomo ili aseme. Alijua kabisa ni maneno gani yanayotakiwa, kwa sababu alikuwa ameshawaambia watu wengi, tena kwa upole wake ule ule. Badala yake alisikia sauti yake ikisema, "Uko sawa, kaka."

Akagonga muhuri. Kaka alimshika bega, akatoka, na huko nje akasikika akimtania muuza magazeti.

Jioni ile Mama Miwani aliosha vyombo vilivyokuwa safi. Alijiambia kwamba hakufanya kosa, na alikuwa na sababu, tena si moja. Kaka amebakiza muda mfupi apumzike. Kaka anaijua njia ile hata kwa miguu. Kaka hajawahi kugonga hata kuku, wakati kuna wenye macho ya mwewe wanaokesha baa na asubuhi wanabeba watoto wa watu. Zaidi ya hayo, pengine alikuwa anatania tu. Pengine aliuona ubao mpya vizuri, akaamua kumchekesha dada yake kwa kusema ule wa zamani. Sababu hii ya mwisho ilimpendeza sana. Aliizungusha kichwani mpaka ikakaribia kuwa kweli, akalala usingizi mzuri.

Asubuhi, binti alipokuwa anafunga kamba za viatu, Mama Miwani alisema, "Leo twende kwa miguu, mama. Nikupeleke mwenyewe."

"Kwa nini?"

"Unakaa sana. Mwili unataka mazoezi."

Mumewe, fundi seremala, mtu asiyependa kupitwa na kitu cha kucheka, aliinua kichwa kutoka kwenye kikombe. "Tangu lini wewe ukatembea? Wewe unayefuatiwa chumvi hapo jirani?"

"Tangu leo," alijibu.

Usije ukafikiri alikuwa anadanganya. Hilo ndilo jambo la ajabu katika habari hii, na mimi mwenyewe lilinichukua muda kulielewa. Alipogonga muhuri aliamini kwamba kaka yake anaona vya kutosha. Alipomshika mwanawe mkono aliamini kwamba mtoto anahitaji mazoezi. Kichwani mwake walihamia wanawake wawili, wakagawana vyumba, na hawakuwa wakisalimiana. Mmoja alikuwa na kaka mzima. Mwingine alikuwa na mtoto mzima. Alichofanya Mama Miwani kutwa kucha ni kuhakikisha hawakutani kwenye korido.

Njia waliyopita yeye na binti haikuwa ile ya basi. Walizunguka nyuma ya kiwanda cha sabuni, mahali penye matope, na binti alilalamika kwa viatu vyake. Mama Miwani alisema njia hiyo ina hewa nzuri. Ilinuka magadi.

Kazini alibadilika. Alikuwa mkali zaidi, tena ukali wa kusikika. Siku moja alikuja dereva wa lori, mtu mzima mwenye mikono mipana, akasoma ubao mpya na kukwama mstari mmoja tu kabla ya ule unaotakiwa. Siku nyingine angempa fremu, angemwambia avae miwani, yakaisha. Siku hiyo alimkatalia katakata.

"Dada, nina watoto," alisema dereva wa lori.

"Na walioko barabarani wana watoto."

"Basi nipe miwani nijaribu tena."

"Nenda hospitalini," alisema, na alipofungua pazia ili mtu yule atoke, alilivuta kwa nguvu mpaka pete zake zikalia. Alipobaki peke yake aliketi kwenye kiti cha mgonjwa. Mbele yake kwenye kioo kulikuwa na ubao mweupe na uso wake mwenyewe chini yake, na uso ule haukumpendeza. Aliona haya, haya ya kweli, ile inayochoma masikio. Akainuka, akafuta kioo kwa kitambaa, ingawa hakikuwa na vumbi.

Jirani yake wa mlango wa pili alikuwa Mama Pacha, mshona nguo, mama wa wavulana wawili wasiotofautishwa hata na bibi yao. Wote wawili walikwenda na basi la Taratibu. Mama Pacha alikuwa mcheshi, na mdomo wake haukuwa na breki. Alasiri moja aliingia dukani akiwa ameshika mbavu.

"Umesikia habari za kaka yako?"

"Habari gani?"

"Kaligonga geti la shule! Nguzo yote imelala. Sasa mwalimu mkuu anamuuliza, nguzo hukuiona? Anasema nguzo ilikuwa imesogea. Pacha wangu wamecheka mpaka wamepaliwa na chai."

"Hakuna aliyeumia?"

"Aumie nani, kwa mwendo ule? Nguzo ndiyo inayohitaji daktari." Mama Pacha alijifuta machozi. "Lakini mimi nina amani bwana. Wengine wanasema kazeeka, nikawaambia, nyie, huyo kapimwa na Mama Miwani. Mama Miwani hampitishi mtu, hata awe nani."

Mama Miwani alicheka. Alicheka kuliko mwenye habari, mpaka Mama Pacha akanyamaza na kumtazama.

"Halafu wewe," alisema Mama Pacha, "mwanao mbona haendi na basi siku hizi?"

"Mazoezi."

"Ahaa." Aligusa fremu moja, akaigeuza, akairudisha. "Mazoezi ni mazuri."

Usiku huo mumewe alimuuliza kama kuna jambo. Alisema hakuna. Akamuuliza tena, bila utani, na alipokuwa hana utani mtu yule alikuwa mgumu kumkwepa. Mama Miwani alisema amechoka. Alitaka kusema. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini akilisema, basi wale wanawake wawili wangekutana, na ni lazima mmoja wao ahame. Alimwona kaka yake bila basi, ameketi mlangoni kwake asubuhi na mapema, amevaa shati lake la kazi, hana pa kwenda. Kisha akaona kitu kingine, akakifukuza haraka kabla hakijapata sura. Akageukia ukutani.

Jumatatu iliyofuata mafundi wa maji walichimba mtaro nyuma ya kiwanda cha sabuni, wakafunga njia. Mama Miwani alisimama mbele ya ule udongo mwekundu, binti akiwa ubavuni, akatafuta pengine pa kupita. Hapakuwa. Ilibidi warudi na kufuata barabara kubwa, na kwenye barabara kubwa, mbele ya duka la vitambaa, ndipo lilipokuwa basi, limesimama, linapakia.

Watoto walikuwa wamejaa ndani. Mama wachache walisimama pembeni, na Mama Pacha alikuwa akimfunga mmoja wa pacha wake vifungo vya shati. Taratibu alikuwa ameshuka, ameshika mlango kama kawaida yake, anahesabu vichwa kwa kuvigusa. Mama Miwani alitaka kupita upande wa pili, lakini upande wa pili kulikuwa na mkokoteni wa matofali. Wakafika mpaka mbele yake kabisa, hatua chache, mchana kweupe.

Kaka yake aliinua uso, akamtazama. Akatabasamu kwa adabu.

"Habari ya asubuhi, mama," alisema. "Mtoto anapanda?"

Mama Miwani alimvuta mwanawe karibu.

"Mjomba," alisema binti, "si ni sisi."

Tabasamu la Taratibu lilibaki pale pale, halikujua liende wapi. Kisha akacheka. "Najua ni nyinyi, nilikuwa namtania mama yako." Akanyoosha mkono, akakipata kichwa cha binti, akakipapasa. "Wewe umenihama. Kiti chako kinapiganiwa huko ndani. Kwani nimekukosea nini?"

"Mama anasema mazoezi."

"Mazoezi," alirudia Taratibu. Aliligeuza neno lile polepole. Akamsogelea dada yake, karibu sana, karibu kuliko watu wanavyosogeleana barabarani, mpaka akawa anamtazama kwa pembeni, kwa ule ukingo wa jicho uliokuwa bado mzima. Hapo ndipo alipomwona, na alichokiona usoni mwake kilimtosha.

"Mdogo wangu," alisema kwa sauti ya chini, "ulianza kumpa mtoto mazoezi baada ya kunipima au kabla?"

"Kaka, tuongee nyumbani."

"Nijibu."

"Baada."

Taratibu aliegemea basi. Huko ndani watoto walikuwa wanaimba wimbo wa darasani, kila mmoja kwa sauti yake.

"Unajua kwa nini nilikuja kwako?" alisema hatimaye. "Hospitalini wana haraka, wangenipitisha. Nilikuja kwako kwa sababu wewe hupitishi mtu. Zile herufi nilizisema kwa kichwa, ndiyo. Aibu ilinishika, nikashindwa kukuambia kwa mdomo wangu. Nikasema nitazisoma, na huyu atanishika. Atanishika tu, halafu nitapumzika, na sitakuwa nimejitoa mwenyewe. Ukaniangalia na tochi. Ukasema niko sawa. Mimi nikawaza, huyu kaingia ndani ya jicho langu, kaona kitu nisichokijua. Kumbe naona, ni uzee tu unanitisha. Ile nguzo ya geti nilijua kweli imesogea. Nilikuamini wewe nikaacha kuyaamini macho yangu. Kabla ya hapo nilikuwa naendesha kwa hofu, mdogo wangu. Siku hizi nilikuwa sina hofu kabisa."

Mama Miwani alianza kulia pale barabarani, bila sauti, na hakuficha. "Nilidhani nakusaidia," alisema, na alipoyasikia maneno hayo yakitoka aliona jinsi yalivyo mepesi.

Taratibu hakumgombeza. Ingekuwa afadhali angemgombeza. Alimshika bega, vile vile kama siku ya muhuri, kisha akapanda ngazi ya basi, akachomoa ufunguo, akawaambia watoto washuke, mmoja mmoja, bila kusukumana. Wimbo ukakatika. Mama waliokuwa pembeni wakaanza kuulizana kuna nini, tairi au injini.

"Si basi," alisema Taratibu alipomteremsha wa mwisho. "Basi ni zima. Ni mimi. Macho yangu hayafai kubeba watoto. Nisameheni." Akaketi kwenye ngazi ya chini ya basi lake, mikono kwenye magoti.

Watoto walikuwa kila mahali, wanaruka ukingo wa barabara, wamefurahi kuchelewa shule. Mama Pacha alikuwa amewapata wanawe, mmoja kila mkono. Alimtazama Taratibu, akamtazama Mama Miwani, na ule ucheshi wake wote ulikuwa umemtoka.

"Lakini si ulimpima wewe?" aliuliza.

"Nilimpima."

"Ukaona nini?"

Mama Miwani alijifuta uso kwa kiganja. Angeweza kusema ugonjwa uliingia ghafla. Angeweza kusema mambo ya macho ni magumu, na wote pale wangekubali, kwa sababu ni nani kati yao alijua ya ndani ya jicho? Sababu zilikuja zenyewe, zimepangwa vizuri, kama zilivyokuja jioni ile ya vyombo.

"Niliona kwamba haoni," alisema.

Mama Pacha alishusha macho mpaka kwa binti, aliyekuwa amesimama ubavuni mwa mama yake, mkono ndani ya mkono, viatu vimejaa matope mekundu ya mtaroni.

"Na huyu," alisema, "ulianza lini kumtembeza?"

Mama Miwani alihisi vidole vya mwanawe vikitulia ndani ya kiganja chake, na yeye mtoto akisubiri jibu.

"Kesho yake asubuhi," alisema.